Mwongozo kamili: kupima kufifia kwa mawimbi ya Alfvén kwa kompyuta bila kudanganywa na gridi

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anaandika programu ya mawimbi ya Alfvén, yaani mawimbi ya sumaku ndani ya plazima (gesi yenye chembe za umeme), anaiendesha, anaona mstari wa grafu unashuka, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba wimbi limefifishwa na mchanganyiko wa awamu (mawimbi jirani kuacha kwenda sare). Akiambiwa aweke ukinzani wa umeme sifuri na arudie, mstari unashuka vile vile. Basi plazima haikuhusika. Ama programu yake ndiyo iliyoliua wimbi, ama wimbi lingali zima na yeye amelipima visivyo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia au hesabu, Unguja au Pemba, mwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Ukiufuata hatua kwa hatua utapata programu isiyozidi mistari 40, inayomaliza kazi kwa sekunde chache, na namba unayoweza kuitetea mbele ya msimamizi yeyote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote yenye RAM ya GB 4 au zaidi.
- Python 3, pamoja na maktaba mbili: NumPy na Matplotlib.
- Daftari na kalamu. Kila jaribio liandikiwe N (idadi ya pointi za gridi), dt (hatua ya muda) na eta (ukinzani) zake, la sivyo baada ya majaribio matano hutajua grafu ipi ni ya nini.
- Kikokotoo chenye kitufe cha e^x.
- Saa mbili za utulivu.

Ukiwa mahali ambako intaneti si ya uhakika, tafuta mashine yenye mtandao, andika `pip download numpy matplotlib`, hamishia mafaili kwenye flashi, kisha kwenye mashine yako, ukiwa ndani ya folda hiyo, andika `pip install --no-index --find-links . numpy matplotlib`. Mashine zote mbili ziwe na mfumo wa uendeshaji mmoja na toleo moja la Python. Zikitofautiana, mafaili yatakataa kuingia.

## Picha ya kushika kichwani: kamba za mwani

Maji yakikupwa Paje au Jambiani utaona kamba za mwani zimelazwa sambamba, kila moja imefungwa kwenye vigingi viwili. Kamba yenye mwani mchanga ni nyepesi: ukiivuta na kuiachia, inatikisika haraka. Iliyobeba mwani uliokomaa ni nzito, inatikisika polepole, hata kama zote zimekazwa sawasawa.

Sasa zipange kamba 10 kutoka nyepesi hadi nzito, watu 10 waziachie kwa pamoja. Mwanzo zinakwenda sare. Baada ya mitikisiko michache, moja iko juu wakati jirani yake iko chini. Kadiri muda unavyokwenda, majirani wanazidi kupingana, na maji yaliyo baina yao yanasuguliwa zaidi na zaidi. Msuguano huo ndio unaokula nguvu ya mtikisiko.

Kwenye plazima, mistari ya uga sumaku ndiyo kamba, na uzito wa plazima ndio mwani. Kasi ya wimbi ni

vA = B / √(μ0 ρ)

B ni uga sumaku, ρ ni densiti, μ0 ni namba thabiti ya sumaku. Kwenye korona ya Jua (angahewa yake ya nje), ukichukua B = 0.001 tesla na ρ = 10⁻¹² kg kwa mita ya ujazo, unapata takriban km 890 kwa sekunde. Densiti ikibadilika kutoka mstari mmoja wa uga hadi wa pili, kasi nayo inabadilika, na awamu zinaanza kuachana.

Hapa pana mambo mawili, na ukiyachanganya kazi yote imeharibika. Kuchanganyika kwa awamu ni majirani kuacha kwenda sare; nguvu yote ingalipo. Kufifia ni nguvu kugeuka joto. La kwanza linahitaji tofauti ya kasi tu. La pili linahitaji ukinzani au mnato. La kwanza halimalizi wimbi. Linaliandaa tu ili la pili lifanye kazi haraka.

## Hatua ya 1: Punguza tatizo hadi mwelekeo mmoja

Huhitaji programu kubwa ya mielekeo mitatu. Chukua uga sumaku ulionyooka kuelekea z, kasi ya Alfvén inayobadilika kuelekea x tu, na wimbi lililosimama baina ya ncha mbili zilizofungwa, kama kamba ya mwani baina ya vigingi. Mtikisiko unaelekea y.

Kwa kuwa wimbi limesimama, umbo lake kuelekea z linajulikana tayari: sin(kz) kwa mwendo, cos(kz) kwa uga. Linalobaki ni hesabu mbili za x na muda:

∂V/∂t = −k vA² b

∂b/∂t = k V + η ∂²b/∂x²

V ni mwendo wa plazima, b ni uga wa ziada uliozaliwa na wimbi, k ni namba ya wimbi kuelekea z, η (kwenye programu: eta) ni ukinzani ulioandikwa kama kasi ya kusambaa. Tumeacha kipande cha −ηk²b makusudi: kwa namba tutakazotumia kinapunguza wimbi kwa takriban asilimia 1.5 tu mpaka mwisho wa jaribio, na kukiacha kunafanya ulinganisho na nadharia uwe safi.

## Hatua ya 2: Chagua namba na uandike jibu kabla ya kuendesha

Watu wengi huiruka hatua hii, kisha hawana cha kulinganisha nacho. Namba ni hizi, zote hazina vipimo:

- x kutoka 0 hadi 1
- vA = 1 + x, yaani mteremko wa kasi v′ = 1
- k = π
- η = 0.0001
- muda hadi t = 30

Awamu ya kila mstari ni k vA t. Tofauti ya awamu kwa kila kipimo cha x ni kx = k v′ t, nayo inakua muda wote. Ukinzani unakula kimo cha wimbi kwa kasi ya ½ η kx². Nusu imetoka wapi? Ukinzani unauma b peke yake, na b inashika nusu ya nguvu kwa wastani. Kwa kuwa kx inakua na t, kasi ya kula inakua na t², na jumla yake inakua na t³/3. Nusu mara theluthi ni sehemu ya sita:

A(t) = exp(−η k² v′² t³ / 6)

Hii ndiyo kanuni ya Heyvaerts na Priest ya 1983, katika sura yake ya wimbi lililosimama. Mnato ukiwepo nao, unajumlishwa na η.

Muda wa kufifia, yaani kimo kinapobaki 0.37 ya mwanzo, ni

td = (6 / (η k² v′²))^(1/3) = 18.25

Andika kwenye daftari namba hizi unazozitarajia katikati ya boksi:

| t | A |
|---|---|
| 10 | 0.85 |
| 18.25 | 0.37 |
| 25 | 0.077 |
| 30 | 0.012 |

Tazama umbo lake: kwa muda mrefu kama hakuna kitu, kisha linaporomoka. Ukipata mstari unaoshuka kwa mwendo mmoja tangu sekunde ya kwanza, huo si mchanganyiko wa awamu, hata kama mwisho wake unafanana.

## Hatua ya 3: Chagua gridi na hatua ya muda

Gridi lazima ione mkunjo mdogo kabisa utakaotokea, ambao ni wa mwisho wa jaribio. Kwenye t = 30, kx = 94.2, hivyo urefu wa wimbi kuelekea x ni 2π/94.2 = 0.067. Weka pointi zisizopungua 20 kwa kila urefu huo. N = 401 inatoa dx = 0.0025, sawa na pointi 26 hivi. Inatosha.

Hatua ya muda ina mipaka miwili. Kusambaa kunataka η dt/dx² isizidi takriban 0.69 kwa Runge-Kutta ya daraja la 4, mbinu tutakayotumia kusogeza hesabu mbele hatua kwa hatua. Ukivuka, namba zitalipuka na utaziona. Mpaka wa pili ndio wa hatari, maana hautoi dalili: ω dt, ambamo ω = k vA, iwe ndogo sana, chini ya 0.1. Kwa dt = 0.01, kiasi cha kwanza ni 0.16, na cha pili ni 0.063 penye kasi kubwa kabisa. Vyote viko salama.

Usitumie mbinu ya Euler, inayosogea kwa mteremko mmoja tu katika kila hatua. Kwa dt hiyo hiyo ya 0.01, Euler inakikuza kimo cha katikati karibu mara 28 ikifika t = 30, bila ya nguvu yoyote kuingia.

## Hatua ya 4: Andika programu

```
import numpy as np

N   = 401
eta = 1.0e-4
dt  = 0.01
T   = 30.0
k   = np.pi

x  = np.linspace(0.0, 1.0, N)
dx = x[1] - x[0]
vA = 1.0 + x
V  = np.zeros(N)
b  = np.ones(N)

def mpindo(b):
    m = np.zeros_like(b)
    m[1:-1] = (b[2:] - 2*b[1:-1] + b[:-2]) / dx**2
    m[0]  = 2*(b[1] - b[0]) / dx**2
    m[-1] = 2*(b[-2] - b[-1]) / dx**2
    return m

def badiliko(V, b):
    return -k*vA**2*b, k*V + eta*mpindo(b)

kati = N//2
daftari = []
for n in range(int(round(T/dt)) + 1):
    kimo = np.sqrt(b[kati]**2 + (V[kati]/vA[kati])**2)
    daftari.append((n*dt, kimo, b.mean()))
    V1, b1 = badiliko(V, b)
    V2, b2 = badiliko(V + 0.5*dt*V1, b + 0.5*dt*b1)
    V3, b3 = badiliko(V + 0.5*dt*V2, b + 0.5*dt*b2)
    V4, b4 = badiliko(V + dt*V3, b + dt*b3)
    V = V + dt*(V1 + 2*V2 + 2*V3 + V4)/6
    b = b + dt*(b1 + 2*b2 + 2*b3 + b4)/6

np.savetxt("kimo.txt", daftari)
np.savetxt("umbo.txt", np.column_stack((x, b)))
```

Mambo mawili ya kuangalia ndani yake.

Kwanza, kimo hakipimwi kwa b peke yake. b inapita sifuri mara mbili katika kila mzunguko, na mtu anayeisoma wakati huo atadhani wimbi limekwisha. Tunapima √(b² + (V/vA)²), ambayo haibadiliki kabisa pasipo ukinzani. Usisahau kugawa V kwa vA. Ukisahau, kimo kitapanda na kushuka kama maji ya bamvua hata wimbi likiwa zima.

Pili, matokeo yanahifadhiwa kwenye faili. Umeme ukikatika na betri imechoka, hutapoteza ulichokwisha maliza.

## Hatua ya 5: Endesha kwa eta = 0 kwanza

Hii ndiyo hatua inayokosekana katika karibu kila ripoti iliyoharibika. Kabla ya kuuliza plazima inakula kiasi gani, uliza programu yako inakula kiasi gani ikiwa peke yake.

Weka `eta = 0.0` na uendeshe. Mafanikio yana sura hii:

Kimo kwenye safu ya pili ya kimo.txt kinabaki 1 tangu mwanzo hadi mwisho, hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Kikishuka mpaka 0.99, simama hapo hapo. Usiende hatua ya mbele.

Umbo la b dhidi ya x lina mawimbi t/2. Kwenye t = 10 (weka T = 10) hesabu mawimbi 5, kwenye t = 30 hesabu 15. Yakiwa machache, umekosea vA au k. Kuyahesabu kwa kidole kwenye grafu ni kazi ya nusu dakika, na inakamata makosa mengi kuliko kusoma programu upya.

Wastani wa b, safu ya tatu, unaanguka haraka sana. Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Karibu na t = 10 wastani hauwezi kuzidi 0.064, na kila t ikiwa namba kamili wastani ni karibu sifuri. Ukinzani ni sifuri, nguvu yote ipo, lakini vilele na mabonde yamefutana kwenye kujumlisha. Mtu aliyechora wastani badala ya kimo ataapa kwamba wimbi limekufa. Ni kama kusimama mbali na zile kamba za mwani ukaona bahari imetulia kwa kuwa nusu ziko juu na nusu ziko chini.

### Jaribu kosa kwa makusudi

Ukiwa bado kwenye eta = 0, weka N = 101 na dt = 0.2. Programu haitalipuka. Grafu itakuwa laini, nzuri kutazama. Lakini kimo cha katikati kwenye t = 30 kitakuwa karibu 0.52, na upande wa x = 1, ambako wimbi ni la haraka zaidi, kitakuwa chini ya 0.04.

Nusu ya wimbi imepotea na hakuna ukinzani hata chembe. Sababu ni kwamba Runge-Kutta ya daraja la 4 inapunguza kimo kwa takriban (ω dt)⁶/144 kila hatua. Kipeo cha sita kina maana kubwa: ukipunguza dt kwa nusu, hasara ya kila hatua inapungua mara 64. Kwa dt = 0.01 hasara nzima haifiki sehemu moja ya laki moja.

Tazama pia kwamba hasara hii ni kubwa zaidi penye kasi kubwa, hivyo inachora picha inayofanana na fizikia ya kweli. Ndiyo maana inawahadaa hata watu makini.

## Hatua ya 6: Rudisha ukinzani na ulinganishe

Rejesha N = 401, dt = 0.01, eta = 1.0e-4. Endesha. Chora kimo na mstari wa nadharia kwenye grafu moja, mhimili wa wima ukiwa wa logi.

Unatarajia mistari miwili ishikamane kuanzia mwanzo. Baada ya t = 20 hivi, mstari wako utaanza kutetema kidogo juu na chini ya nadharia; ukifika t = 30 mtetemo unaweza kufika asilimia 5 ya thamani yenyewe. Usiogope, na wala usiuondoe kwa kulainisha grafu. Ukinzani unauma pale b inapokuwa kubwa na kupumzika pale V inaposhika nguvu, kwa hiyo kimo kinashuka kwa vidato viwili katika kila mzunguko. Nadharia imechukua wastani wa vidato hivyo.

Tofauti ikizidi asilimia 10, angalia kwa mpangilio huu:

1. Umeweka 0.5 mahali pake kwenye hatua za V2 na V3?
2. `dx` imehesabiwa kutoka gridi yenyewe, au umeiandika kwa mkono na ukasahau kuibadilisha ulipobadili N?
3. Unapima katikati, au ukingoni?

Swali la tatu linahitaji maelezo. Ukingoni mstari wa uga una jirani upande mmoja tu, kwa hiyo unasuguliwa kidogo kuliko ulio katikati, na wimbi pale linadumu zaidi. Kwenye t = 30, wakati katikati pamebaki 0.012, ukingoni bado kuna wimbi kubwa zaidi ya mara kumi ya hapo. Tabaka hilo ni jembamba, lakini ukichukua wastani wa boksi zima litatawala jibu lako lote. Pima baina ya x = 0.3 na x = 0.7 tu.

## Hatua ya 7: Ivunje gridi ili uijue sura yake ikivunjika

Weka N = 21, acha dt na eta kama zilivyo, T = 40.

Nadharia inasema kimo kiwe takriban 0.00003. Utapata karibu 0.20. Na ukichora umbo la b kwenye t = 40, utaona jambo la kushangaza zaidi: mikunjo imetoweka, mstari karibu umenyooka, kana kwamba kamba zote zimepatana upya.

Hazikupatana. Pointi za gridi ziko mbali kwa 0.05, na kwenye t = 40 tofauti ya awamu baina ya jirani na jirani ni π × 0.05 × 40 = 2π, yaani mzunguko mmoja kamili. Gridi inamwona kila jirani yuko sare na mwenzake, wakati baina yao pana wimbi zima ambalo halina pointi ya kuliona. Ukinzani unahesabiwa kwa tofauti za majirani. Majirani wakionekana sare, ukinzani hauna cha kula.

Katika programu hii, basi, gridi yenye pointi chache inalinda wimbi, wakati hatua kubwa ya muda inaliua. Makosa mawili yanayovuta pande mbili. Ukiwa nayo yote, yanaweza kufutana ukapata jibu zuri kwa bahati, na jibu hilo litakuangusha siku utakapobadili eta.

Kanuni ya kujikinga: ongeza N mara mbili na upunguze dt kwa nusu, kimoja kimoja. Jibu likisogea zaidi ya asilimia 1 kwenye td, bado hujafika.

## Hatua ya 8: Pima sheria ya theluthi

Jibu moja linalolingana na nadharia halithibitishi kitu kikubwa. Majibu matatu yenye mwelekeo sahihi yanathibitisha. Endesha mara tatu:

| eta | N | dt | T | td inayotarajiwa |
|---|---|---|---|---|
| 0.0008 | 401 | 0.005 | 15 | 9.12 |
| 0.0001 | 401 | 0.01 | 30 | 18.25 |
| 0.0000125 | 801 | 0.01 | 60 | 36.5 |

Ukinzani ukipungua mara 8, muda wa kufifia unakua mara 2 tu. Chora logi ya td dhidi ya logi ya eta. Mwinamo uwe −1/3.

Ukipata mwinamo wa −1, mawimbi yako yanafifia kwa kusambaa kwa kawaida, hakuna mchanganyiko wa awamu. Ukipata mwinamo wa 0, td haijali eta kabisa, na huo ni ushahidi kwamba kinacholiua wimbi ni programu. Grafu hii moja ina thamani kuliko picha 20 za rangi.

Kwenye safu ya chini tumeongeza N kwa kuwa wimbi linaishi zaidi na hivyo linakunjika zaidi kabla ya kufa. Anayepunguza eta bila kuongeza N atakutana na yale ya Hatua ya 7.

## Hatua ya 9: Peleka jibu kwenye Jua

Kurudi kwenye vipimo halisi, chagua urefu L wa tao la korona, upana a ambamo kasi inaongezeka mara mbili, na kasi ya upande wa polepole. Kipimo cha muda ni L/vA, na eta isiyo na vipimo ni η L/(a² vA).

Chukua L = km 100,000, a = km 1,000, vA = km 890 kwa sekunde, na ukinzani wa korona wa takriban mita ya mraba 1 kwa sekunde. Kipimo cha muda kinakuwa sekunde 112, na eta inakuwa takriban 1.1 × 10⁻¹⁰. Weka kwenye kanuni: td ni vipimo 1,757 hivi, sawa na saa 55.

Linganisha na kusambaa kwa kawaida kwenye upana huo huo: a²/η ni sekunde 10¹², zaidi ya miaka 31,000. Mchanganyiko wa awamu umeishusha miaka hiyo hadi siku mbili na ziada. Ndiyo sababu wazo hili linapendwa na wanaotafuta kwa nini korona ina joto la digrii milioni moja na zaidi wakati uso wa Jua una takriban 5,800. Na bado siku mbili ni nyingi kwa korona, inayopoteza joto lake kwa muda mfupi kuliko huo. Hivyo watafiti wanatafuta miteremko mikali zaidi, mawimbi ya haraka zaidi, au msukosuko unaoongeza ukinzani.

Usijaribu kuiweka eta hiyo kwenye programu. Wimbi linapofikia td mikunjo yake ina urefu wa km 1.1 tu ndani ya upana wa km 1,000. Ungehitaji pointi 20,000 hivi kuelekea x peke yake, na hatua za muda laki kadhaa. Kwa mwelekeo mmoja inawezekana kwa subira. Kwa mielekeo mitatu, hapana. Ndiyo maana unapima mwinamo wa −1/3 kwa eta kubwa kisha unaurefusha, na ripoti iseme wazi kwamba ulirefusha.

## Kama unatumia programu kubwa ya mielekeo miwili au mitatu

Programu nyingi za aina hiyo zinahesabu mapito ya nguvu kwa mbinu zinazolainisha kila ukingo mkali, kuelekea x vile vile. Hapo gridi yenye pointi chache inaliua wimbi, kinyume na ulichoona Hatua ya 7.

Huwezi kuuondoa ulainishaji huo, lakini unaweza kuupima. Endesha tatizo hili hili ukiwa umeweka ukinzani na mnato sifuri, soma muda ambao kimo cha katikati kinafika 0.37, kisha igeuze kanuni:

eta ya programu = 6 / (k² v′² td³)

Namba hiyo ni makadirio, kwa kuwa ulainishaji wa gridi haufuati t³ sawasawa, lakini inakuonyesha uko wapi. Ikiwa eta unayotaka kuichunguza haiizidi angalau mara 10, ongeza pointi kuelekea x na upime tena kabla ya kuendesha jaribio lenyewe. Namba zote mbili, eta uliyoiweka na eta ya programu, ziandikwe katika mstari mmoja kwenye ripoti, pamoja na N na dt.